NANI ATASHIKA DAFTARI LETU?



Leo tunasema juu ya mtihani. Si ule wa Leta wa watoto wa shule, ambao kila mzazi wa Kisangani amekwisha kukosa usingizi kwa ajili yake. Ni mtihani wa watu wazima: ule wa mtu anayetaka cheti cha mhasibu kamili, mwenye haki ya kukagua vitabu vya kompani na kutia sahihi yake chini. Ni mtihani mgumu. Tena wanaoanguka mara nyingi si wajinga. Sisi tunaona ya kwamba wanaanguka kwa sababu wanasoma vibaya, na kwa sababu sisi wengine, watu wa nyumba na majirani, hatuwapi nafasi ya kusoma vizuri.

Wengine watauliza: jambo hilo lina nini na sisi tunaoshika sururu, na sisi tunaoendesha toleka? Tunawajibu kwa habari moja ambayo kila mtu wa mji huu anaijua nusu.

Nusu ya kwanza ni yetu. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana hapa katikati ya nyumba zetu, na mabomu hayakuuliza nani ni askari na nani ni mama wa soko. Nusu ya pili ilisomwa mbali, huko The Hague, tarehe 9 Februari 2022. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya mambo yaliyotendwa katika vita vile, hapa na Ituri na mahali pengine: milioni 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa utajiri wa nchi uliochukuliwa. Zilipwe kwa mafungu matano, milioni 65 kila mwaka. Lakini serikali yetu iliomba zaidi ya dola bilioni 11!

Kwa nini tofauti kubwa namna hiyo? Sababu za wanasheria ni nyingi, lakini moja hata mtoto anaweza kuielewa: ushahidi haukutosha. Mahakama haikupata karatasi za kuhesabia kila hasara moja moja, basi ikakadiria kwa jumla. Hatusemi ya kwamba tungalipata bilioni zote 11 kama tungalikuwa na makarani hodari. Vita huchoma nyumba pamoja na karatasi zilizomo. Lakini mwenye duka aliyeporwa, akiwa hana daftari, mbele ya jaji ana maneno ya mdomo tu. Na sasa mfuko unaogawa fedha hizo, uitwao FRIVAO, una makao yake hapa hapa Kisangani. Kila mtu anauliza nani alilipwa na nani bado. Ni swali la haki. Lakini ni swali linalotaka jibu la hesabu, na kelele za njiani hazihesabu kitu.

Ninyi wa machimbo mnalo jambo lenu pia. Sheria ya machimbo iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema ushuru wa madini ugawanywe: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenyewe, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inasema kompani itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa mahali. Haya, fanyeni hesabu pamoja nasi. Mauzo yakiwa dola bilioni 1, watu wa mahali wanapata milioni 3. Yakiandikwa milioni 800, wanapata milioni 2 na 400,000. Dola 600,000 zimekwisha kupotea, wala hakuna mtu aliyevunja mlango usiku. Ni kalamu tu. Nani ataifuata kalamu hiyo mpaka ilipopita? Ni yule aliyefaulu mtihani tunaousema.

Wakati wa ukoloni Mkongo aliruhusiwa kuwa karani. Aliandika namba alizoambiwa, na kitabu kikubwa kikafungwa na Mbelgiji. Siku ya 30 Juni 1960 Wakongo waliokwisha kumaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta katika mji huu ulipoitwa Stanleyville, baada ya kusoma shule ya posta kule Léopoldville na kufaulu. Mwaka 1956 alikamatwa kwa ajili ya fedha za posta, akafungwa. Hatulifichi jambo hilo. Kijana anayeingia kazi ya hesabu ajue mapema ya kwamba anashika moto, na atashika vizuri zaidi akiwa amefundishwa.

Tena tumechelewa. Kenya walikuwa na bodi ya mitihani ya wahasibu tangu 1969, Tanzania walipata yao kwa sheria ya 1972. Sisi tuliunda chama chetu cha taifa cha wataalamu wa hesabu, ONEC, kwa sheria ya tarehe 12 Februari 2015. Kabla yake, mwaka 2012, nchi yetu iliingia katika umoja wa OHADA, ambamo nchi 17 za Afrika zinafuata sheria moja ya biashara. Kanuni za hesabu za umoja huo zilirekebishwa, na zile mpya zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kwa hiyo anayesomea kitabu cha baba yake, hata kama baba alikuwa mhasibu mkuu wa kompani, anasomea mtihani uliokwisha kufa. Aanze kwa kutazama mwaka uliochapwa kwenye jalada.

Sasa tuingie katika kusoma kwenyewe.

Tunamjua kijana mmoja wa Mangobo. Hatutamtaja jina. Huyu alishika kitabu cha kanuni kama mtu anavyoshika Biblia. Alijua akaunti zote kwa namba: fungu la 1 hata la 9, bila kukosa. Ukimwamsha usiku ukamwuliza 57, anasema sanduku la fedha, 52, benki, 66, gharama za wafanyakazi. Tulijivuna naye. Akaingia mtihani, akaanguka. Akarudi mwaka wa pili, akasoma kitabu kile kile mara tatu zaidi, akaanguka tena. Watu wakaanza kunong'ona juu ya uchawi.

Uchawi haukuwepo. Yeye alisoma kwa macho, na mtihani ule unafanywa kwa mkono. Tuchukue karatasi ya mshahara ya mchimbaji, kitu ambacho kila msomaji wetu amekwisha kukishika. Mshahara kamili, kwa mfano, ni franka 500,000. Mfuko wa jamii, CNSS, unakata 5 kwa mia, yaani 25,000. Kodi ya Leta tuseme 45,000. Mfanyakazi anabaki na 430,000. Kulisema hivyo ni rahisi. Lakini uliandike katika daftari: upande wa debiti 500,000 kwenye gharama za wafanyakazi, upande wa krediti 430,000 kwa mfanyakazi, 25,000 kwa CNSS, 45,000 kwa Leta. Pande mbili lazima zilingane. Sasa sema kompani haijalipa CNSS mpaka mwaka umefungwa. Deni hilo linakaa wapi? Je, faida ya kompani imepungua au haikupungua? Hapo ndipo mjuzi wa namba anaanza kukuna kichwa, kwa sababu hajaandika jambo hilo hata mara moja kwa mkono wake.

Basi shauri letu la kwanza: funga kitabu. Ukisoma kurasa kumi, kifunge, chukua karatasi tupu, andika yote unayoyakumbuka, kisha fungua uone uliyosahau. Inauma. Mtu anajiona mpumbavu. Lakini mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Wengine walisoma maandishi wakayarudia kusoma. Wengine waliyasoma kisha wakajaribu kuyaandika bila kuyatazama. Baada ya dakika 5 wale waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, wale waliojijaribu wakawa mbele. Nanyi mnajua ya kwamba mtihani hauji baada ya dakika 5.

Shauri la pili ni juu ya siku. Vijana wetu wana ugonjwa wa kusoma usiku tatu za mwisho, kahawa mkononi, miguu ndani ya beseni la maji. Usiku tatu na michana yake, hata ukikosa kulala kabisa, ni saa 72. Wenye mtihani wa CFA, ule wa Marekani wa wachambuzi wa fedha, wanasema watahiniwa hutumia kama saa 300 kwa ngazi moja tu. Mtu akisoma saa 2 kila siku, saa 300 ni siku 150, yaani miezi 5. Hakuna njia ya mkato katika kugawanya huko. Na saa hizo zitawanywe. Mjerumani Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 namna mtu anavyosahau upesi jambo alilojifunza kwa mkupuo, na namna linavyokaa likirudiwa baada ya muda. Sisi tulilijua hilo kwa Wagenia. Mgenia hapeleki vikapu kwenye maporomoko siku moja akangoja samaki wa mwaka. Anavitega, anarudi kuvitazama, anatengeneza miti iliyolegea, anarudi tena. Somo la kodi ulilolisoma leo, litazame baada ya siku 2, halafu baada ya wiki, halafu baada ya mwezi, hata kama unadhani unalijua. Hasa kama unadhani unalijua.

Shauri la tatu ni saa ya ukutani. Tafuteni maswali ya mitihani iliyopita, nayo yafanyweni kwa saa. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa alama moja. Swali la alama 20 lina dakika 36. Likifika dakika ya 36, acha! Tunajua inavyouma kuacha mizania isiyolingana. Mhasibu wa kweli hawezi kulala mizania ikikosa franka 100. Lakini katika chumba cha mtihani kosa hilo dogo linaweza kukula dakika 30 za swali jingine ambalo ungalipata alama 10 za kwanza bila shida. Katika mitihani mingi ya namna hii msahihishaji anatoa alama kwa njia uliyopita, si kwa jibu la mwisho peke yake. Kwa hiyo andika hesabu zako zote wazi, usizifiche kwenye karatasi ya pembeni. Ukikosea kuzidisha mwanzoni, lakini ukaendelea kwa njia iliyo sawa, unaweza kuokoka. Aliyeandika jibu tupu, likiwa baya, hana la kujitetea.

Tena soma mwisho wa swali kwanza, pale wanapoomba kitu. Habari ya kompani inaweza kuwa ukurasa mzima, na wanaomba jambo moja tu.

Yule kijana wa Mangobo tulimpa daftari la makosa. Kila kosa aandike limetoka wapi: sikujua, au nilijua lakini nilisoma swali vibaya, au nilijua lakini nilikosea kuhesabu. Baada ya mwezi mmoja tukalifungua pamoja. Zaidi ya nusu ya makosa yake yalikuwa ya kusoma swali vibaya! Miaka miwili alikuwa akijitibu ugonjwa asiokuwa nao. Anayekosea kwa kutojua arudi kitabuni. Anayekosea kwa haraka, kitabu hakimsaidii kitu. Apige mstari chini ya neno linaloombwa kabla kalamu haijaanza kazi.

Na lugha. Tukubali jambo hili bila haya: mtihani wetu uko kwa Kifaransa, na sisi tunafikiri kwa Kiswahili na Lingala. Wengine wanaona aibu kueleza uchakavu wa mashine kwa Kiswahili, wanadhani elimu inaharibika. Sisi tunasema kinyume. Kama huwezi kumweleza mama yako kwa nini bei ya lori inagawanywa katika miaka litakayofanya kazi, basi hujaelewa, umekariri. Eleza kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo liwe jeupe, kisha liandike kwa Kifaransa cha mtihani, na maneno yale ya Kifaransa yajifunze sawasawa kwa maana msahihishaji hatakuhurumia.

Hapo linaingia jambo la kundi. Kila mtaa hapa una likelemba yake. Watu kumi wanatoa fedha kila wiki, mmoja anapokea, zamu inazunguka, na mama mshika daftari hajawahi kukosea. (Wanaosema wanawake hawawezi hesabu waende sokoni wakajaribu kumdanganya huyo mama.) Fanyeni likelemba ya masomo. Watu 4 au 5, wasizidi, kwa sababu 15 ni baraza la mazungumzo. Kila mkutano mmoja ana zamu: analeta swali moja alilolifanya nyumbani, anawafundisha wenzake mbele ya ubao, wao wanamhoji bila huruma. Asiyeleta swali anatoa faini, na fedha ya faini inanunua nakala za maswali. Anayefundisha ndiye anayefaidi zaidi, ndiyo maana zamu lazima izunguke. Na tunataka kuona akina dada katika makundi hayo, si kwa kupika chai.

Tunawaonya juu ya watu wanaouza maswali. Kila mara kabla ya mtihani wanatokea, na bahasha na siri. Ama karatasi zao ni za uongo, ama ni za kweli. Na zikiwa za kweli ni vibaya zaidi. Siku moja yule aliyenunua cheti ataketi mbele ya vitabu vya kompani yenu, ninyi wa machimbo, asione kitu.

Lakini tusiwasute vijana peke yao. Mtu anaandikwa kwa mtihani, tunamwombea kanisani na msikitini, tunamnunulia kalamu mpya, halafu tunamtuma sokoni, tunamwita kwenye kila matanga, tunamletea wageni saa mbili za usiku na redio juu. Sisi hatutaki kuharibu desturi ya matanga. Tunasema tu ya kwamba miezi 5 si milele, na ndugu mmoja anaweza kwenda kwa niaba ya mwenzake akasema sababu. Anayefanya kazi ya zamu machimboni asijilazimishe kusoma baada ya kutoka shimoni, mwili umekwisha. Alale kwanza, asome saa 2 kabla ya kwenda kazini. Umeme ukikatika, kama tulivyozoea, taa ndogo ya jua mezani inatosha. Na mwenye taa moja na watoto wanne wa shule, basi wote wakae meza moja. Wenye vyumba vya shule na vya parokia tunawaomba wavifungue jioni kwa makundi haya. Havina kazi saa hizo. Na mabwana wa kompani, ambao husema kila siku ya kwamba hawapati wahasibu Wakongo, watoe likizo ya wiki mbili kabla ya mtihani kwa karani anayejaribu. Tutatazama nani atatoa.

Yule kijana alifaulu safari ya tatu.

Kwa wale ambao siku yao imekaribia: usiku wa mwisho msiguse somo jipya. Wekeni tayari kadi ya kujitambulisha, kalamu mbili, rula, mashine ya kuhesabu ile mliyoizoea, si ya kuazima, na betri nyingine mfukoni. Kama chumba cha mtihani kiko Makiso nawe unalala Lubunga, usingojee mtumbwi wa saa moja na nusu pamoja na watu wa soko. Vuka na ule wa kwanza, kukiwa bado na ukungu mtoni, ukae mlangoni ukingoja.